Tiketi Kwanza, Habari Baadaye

Filamu kubwa siku hizi hufika Mombasa mara mbili. Mara ya kwanza huja bila mwenyewe: trela kwenye simu, sura ya stelingi kwenye status za mtaa mzima, fulana zenye nembo, tuktuk iliyobandikwa shujaa ubavuni miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kuiona. Mara ya pili ndipo inapofika filamu yenyewe, na wengi wanaokwenda kuitazama huwa wameshaijua nusu na wameshaitolea hukumu. Pesa zinatengenezwa kati ya kufika huku kuwili, na ugomvi uko papo hapo. Wako wanaosema mbwembwe hizi ni hila ya kumtoa mtu hela kabla hajajua anachonunua. Wako wanaosema bila mbwembwe sinema haina ladha.

Mimi naona pande zote mbili zinabishania kelele ilhali jambo lenyewe ni muda: tiketi inauzwa kabla au baada ya habari kufika?

Mwaka 1975 unafaa kuanzia. Mwezi wa Juni Marekani iliitoa Jaws, ile ya papa mla watu. Studio ilitumia takriban dola 700,000 kwa matangazo ya televisheni peke yake, jambo lisilozoeleka wakati ule, halafu ikaifungua filamu katika kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja. Kabla ya hapo filamu ya heshima ilianzia kwenye kumbi chache za miji mikubwa, ikapata jina, ndipo ikasambaa polepole. Agosti ya mwaka huohuo, kule India, Sholay ilianza vibaya. Wiki za mwanzo watu wa biashara ya filamu Bombay walishaiandika kuwa imeanguka. Iliokolewa na midomo: aliyeiona akamwambia jirani, jirani akaenda na watoto, na ukumbi wa Minerva mjini humo ukaionyesha kwa miaka 5. Papa alijaza kumbi kabla hajaonekana. Gabbar Singh, jambazi wa Sholay, alizijaza kwa kusimuliwa.

Mombasa ililelewa na njia ya Sholay. Enzi za Regal, Majestic, Naaz na kumbi nyingine za kisiwani, mikanda ilikuwa michache na ilikuwa ikisafiri. Ilitoka mji mmoja ikaenda mwingine, na pengine ilifika hapa imeshachanika na kuungwa mara kadhaa. Filamu ilichelewa, lakini ilifuatana na sifa zake, njema na mbaya. Jamaa aliyetoka Nairobi au baharia aliyepita Bombay alishakuambia, hivyo hela ya tiketi uliitoa ukijua. Leo kumbi zile zimebaki majina, na mtu akisema anakwenda sinema mara nyingi anamaanisha Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Mikanda nayo imekwisha. Filamu huja kidijitali na huonyeshwa hapa karibu siku zilezile inapoonyeshwa Los Angeles. Mara nyingine Kenya hutangulia: Februari 2018 Black Panther ilionyeshwa Kisumu, kwao mwigizaji wake Lupita Nyong'o, siku tatu kabla ya kufunguliwa Marekani. Kwa hadhi hayo ni maendeleo, tena makubwa. Lakini anayeingia wa kwanza hana wa kumuuliza. Amebaki na trela, na trela imetengenezwa na muuzaji.

Hapa wanaolalamika wameshika pazuri. Biashara ya filamu kubwa imepangwa ili wikendi ya kwanza ibebe mzigo, kabla midomo haijaanza kazi. Mwaka 2016 Batman v Superman iliingiza dola milioni 166 Marekani na Kanada katika wikendi ya kwanza, na wikendi iliyofuata ikaporomoka kwa karibu asilimia 69. Watu hawakuhama nchi, walizungumza. Wakosoaji nao huonyeshwa filamu mapema kwa sharti la kutochapisha neno mpaka saa iliyowekwa na studio, na studio isiyoiamini kazi yake huisogeza saa hiyo hadi mlangoni mwa uzinduzi.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2001 ilifichuka kwamba Sony ilikuwa imemzua mkosoaji asiyekuwepo duniani, ikampa jina David Manning, kisha ikawa inanukuu sifa zake kwenye matangazo ya filamu zake yenyewe. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilikubali kutoa dola milioni 1.5 kumaliza kesi, na watazamaji wakaruhusiwa kudai dola 5 kila mmoja. Dola 5! Hata bisi hazitoshi. Na Desemba 2022 jaji mmoja wa California aliikatalia studio ya Universal hoja kwamba trela ni sanaa tu isiyoweza kushtakiwa kwa udanganyifu. Watazamaji wawili walikuwa wamelipia filamu ya Yesterday kwa sababu walimwona mwigizaji Ana de Armas kwenye trela, kumbe sehemu zake zilikatwa zote. Kesi yenyewe baadaye haikufika mbali, lakini neno lilikuwa limeshasemwa mahakamani: trela ni tangazo.

Wazee watakukatia maneno: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ningelikubali moja kwa moja lau si Barbie. Mwaka 2023 filamu ile iliripotiwa kugharimu dola milioni 145 kuitengeneza na takriban dola milioni 150 kuitangaza, yaani debe lilikuwa ghali kuliko bidhaa. Ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.4, na walioiona wakarudi tena na marafiki zao. Siku hizi chema nacho chajitembeza, maana kikikaa nyumbani hakuna atakayejua kipo.

Tena mbwembwe hazina nguvu tunazozipa. Mwaka 2006 intaneti nzima ilikuwa ikiiimba Snakes on a Plane, hata studio ikarudi kupiga picha za ziada ili kuwaridhisha mashabiki. Ilipotoka, wikendi ya kwanza ilileta takriban dola milioni 15, na waliokuwa wakipiga kelele hawakuonekana. Mwaka 2022 Morbius ilifanyiwa mzaha mtandaoni kwa wiki kadhaa. Sony ikadhani mzaha ni mapenzi, ikairudisha katika kumbi zaidi ya 1,000, ikaambulia takriban dola 300,000. Anayesema mashabiki ni kondoo wa kuswagwa ajibu hapo kwanza. Filamu ya Sonic, yule mnyama wa michezo ya video, pia ni ushahidi: trela ya mwaka 2019 iliwaudhi watu kwa meno ya yule mnyama, wakapiga makelele, na studio ikamchora upya na kuisogeza filamu kutoka Novemba hadi Februari 2020. Bila trela ya mapema yangetoka yale meno, na tungelipia kuyatazama.

Ila hoja ninayoiona nzito zaidi upande wa utetezi haihusu hesabu. Kusubiri ni starehe, na ni starehe ya bure. Novemba 1998 kuna watu Marekani walionunua tiketi za Meet Joe Black, wakatazama trela ya Star Wars iliyokuwa ikitangulia, kisha wakanyanyuka wakaenda zao. Hao walijua hasa wanacholipia: dakika mbili. Huku kwetu kijana wa Kisauni ambaye huenda asikanyage ukumbini kabisa anaweza kula miezi minne ya ubishi wa barazani juu ya nani atakufa, nani atafufuka na adui ametokea wapi. Ubishi ule, kusema haki, mara nyingine hupita filamu yenyewe kwa utamu. Na Mombasa ndio mji wa mwisho unaopaswa kuona ajabu. Harusi yetu ni siku kadhaa za kupaka hina, kupika na kuimba kabla bibi harusi hajatolewa nje, na hajatokea mtu akasema siku zile ni utapeli kwa kuwa bibi harusi bado yuko ndani.

Kuna uchafu, sikatai. Kusubiri kukirefuka, shabiki hujiona ndiye mwenye filamu. Februari 2019 mtandao wa Rotten Tomatoes, unaokusanya maoni juu ya filamu, ulilazimika kuondoa nafasi ya watu kutoa maoni juu ya filamu ambayo haijatoka, baada ya Captain Marvel kuporomoshewa matusi na watu ambao hawakuwa wameiona hata dakika moja. Na filamu ikishatoka wanaanza wale wa kumwaga mtama kwenye kuku wengi, anayekuandikia mwisho wa hadithi kwenye kundi la familia saa nne za asubuhi. Kuna watu wananunua tiketi ya siku ya kwanza kwa kumkimbia mjomba wao tu.

Mwenye ukumbi naye tumsikilize. Msambazaji kwa kawaida huchukua fungu kubwa la tiketi katika wiki za mwanzo, na ukumbi hujifidia kwa bisi na soda. Umeme na mishahara vinalipwa na majina makubwa machache kwa mwaka. Yakikosekana hayo, hata filamu ndogo ya Mkenya inayoomba jioni mbili haina pa kuonyeshwa. Anayezilaani mbwembwe za Marekani kwa jina la sinema yetu akumbuke kwamba ndizo zinazouweka mlango wazi.

Basi mimi nalalamikia nini? Nalalamikia kalenda, na namna tunavyopigiwa debe na watu ambao hawakutuhesabu.

Chukua Avengers: Endgame. Ilifunguliwa Marekani tarehe 26 Aprili 2019, baada ya miaka 11 ya kujengwa filamu baada ya filamu, na wikendi ile ikakusanya takriban dola bilioni 1.2 duniani. Ramadhani iliingia mapema Mei. Mtu wa Mombasa aliyetaka kwenda kwa utulivu, wiki ya pili au ya tatu, watu wakishasema na msongamano ukishapungua, alikuta mwezi umeandama. Filamu ya saa tatu na ushei utaiweka wapi kati ya futari, tarawehe na daku? Kwa wengi ilikuwa ama siku zile kumi za mwanzo, kwa kuamini trela, ama isubiri Idd, na kufikia hapo mtama ulikuwa umekwisha kumwagwa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Waliopanga tarehe walikuwa na likizo zao vichwani, na Ramadhani ya pwani ya Kenya haikuwemo.

Wahindi wanaijua hesabu hii kwa sababu ni ya kwao pia. Salman Khan ameifanya Idd kuwa msimu wake. Bajrangi Bhaijaan mwaka 2015 na Sultan mwaka 2016 zote zilitoka Idd. Huku kwetu Idd watu wana nguo mpya, watoto wana pesa za sikukuu na familia inatafuta pa kwenda. Filamu inayotoka siku hiyo imeshapata nusu ya tangazo lake bila kulipia bango. Nashangaa watengenezaji wa filamu wa Kenya, hasa wa pwani, hawaing'ang'anii siku hiyo. Hela za kushindana kwa mabango hawana, na hawahitaji kuwa nazo.

Halafu kuna mavuno. Mamilioni ya dola yanatumika kuamsha hamu, na hamu haiulizi kama mtaa una ukumbi. Mtu wa Likoni akitaka kuiona filamu ya usiku avuke feri, apande matatu hadi mjini, apande nyingine avuke daraja la Nyali, alipe tiketi na bisi, kisha awaze atarudi vipi saa sita za usiku. Akiwa na mke na watoto watatu, afadhali anunue mbuzi. Hamu yake inaishia kwenye duka la muvi, anapojaziwa flashi kwa bei ya chai na mahamri, au kwenye kibanda cha video akisubiri msimulizi DJ Afro aitie maneno ya Kiswahili. Huo ni wizi, na anayeumia wa kwanza ni yule mwenye ukumbi wa hapahapa, si tajiri wa California. Lakini matangazo yaliyomwita mtu wa Likoni mezani hayakumwekea kiti, na hilo nalo lisemwe tunapogawa lawama.

Kwa upande mwingine kabisa kuna Pathaan, filamu ya India. Stelingi wake, Shah Rukh Khan, alikuwa hajawa stelingi wa filamu yoyote tangu Zero ya Desemba 2018. Filamu ilipotoka tarehe 25 Januari 2023 hakufanya mahojiano hata moja na vyombo vya habari kabla yake. Alijibu maswali ya mashabiki mtandaoni, basi. Ikaingiza zaidi ya rupia bilioni 10. Najua atakayesema ukimya ule nao ulipangwa, na nakubaliana naye: mwenye jina la miaka 30 anaweza kunyamaza kwa faida, mwanzilishi akinyamaza amekwisha. Hata hivyo tofauti yake naiona. Hakumjaza mtazamaji ahadi, akaiacha hamu ya watu ifanye kazi iliyokuwa tayari kuifanya.

Filamu za Marekani mimi naziendea wiki ya pili, katikati ya wiki, habari zikishakomaa na ukumbi ukiwa nusu. Naona ukumbi ungeweza hata kuzipunguzia bei siku hizo na ukapata watu ambao sasa wanaishia kwenye flashi. Ya Shah Rukh ikija, nitafutwe kwenye foleni ya siku ya kwanza pamoja na watoto, na nisiulizwe trela ilikuwa inasema nini.