Dogo katolewa kwa mkopo: kaenda kukua au kaenda kuhifadhiwa?

Kila dirisha la usajili likifunguliwa kuna ubishi mmoja lazima uibuke kijiweni kwetu. Klabu kubwa inatangaza dogo wake fulani katolewa kwa mkopo msimu mzima, yaani akacheze timu nyingine huku bado ni mali yao, basi nusu ya watu wanasema safi sana akapate dakika, nusu nyingine wanasema huyo ndo basi tena, msahauni. Na kinachochosha ni kwamba pande zote mbili zina mifano ya kutosha, huyu akikutajia Harry Kane aliyekopeshwa akaja kuwa mfungaji bora, yule anakutajia Lucas Piazon aliyekopeshwa mpaka akasahaulika, na hapo mnaweza kukesha mpaka fundi kinyozi awafukuze.

Mi nilikuwa upande wa "akapate dakika" miaka mingi tu. Siku hizi nimepunguza mdomo, sio kwamba naona mkopo ni mbaya hapana, ila nadhani tunauliza swali ambalo silo. Tunauliza anaenda ligi gani, timu gani, kumbe la kwanza kabisa ilitakiwa iwe nani kule kamuomba, na la pili akirudi anarudia nafasi ya nani.

Chukua Genk, hii hii Genk ya Samatta. Mwaka 2011 walibeba ubingwa wa Ubelgiji wakiwa na vijana wawili, kipa Thibaut Courtois na kiungo Kevin De Bruyne. Chelsea wakawachukua wote wawili, Courtois kiangazi kile kile cha 2011, De Bruyne Januari 2012. Na wote wawili wakatolewa kwa mkopo. Courtois akaenda Atlético Madrid akakaa misimu mitatu mfululizo, sehemu moja, mabeki wale wale, kocha yule yule Simeone kuanzia alipoingia mwishoni mwa 2011, na 2014 wakachukua La Liga. Msimu huo huo nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wakapangwa na Chelsea wenyewe, na kwenye mkataba kulikuwa na kipengele cha Atlético kulipa hela ndo dogo adake dhidi ya mwajiri wake, UEFA wakasema kipengele hicho hakina nguvu, akadaka, 0-0 kule Madrid na 3-1 pale Stamford Bridge, Chelsea nje. Yaani umemkopesha mwenzio panga kaja kulijaribia shambani kwako.

De Bruyne naye akaenda Werder Bremen 2012-13, timu ilikuwa hoi msimu ule lakini yeye akafunga mabao 10 ya ligi. Ukipima kwa kigezo cha mkopo wote wawili walifaulu, tena vizuri. Ila angalia kilichotokea waliporudi. Courtois alirudi 2014 akamkuta Petr Cech ana miaka 32, akachukua namba na mwaka uliofuata akawa bingwa wa Uingereza. De Bruyne alirudi 2013 akawakuta Hazard, Oscar, Mata, na juu ya hapo akaongezwa Willian, kocha Mourinho akampa dakika za kuhesabu, Januari 2014 kauzwa Wolfsburg. Mwaka mmoja na nusu baadaye Man City wakamnunua kwa zaidi ya pauni milioni 50 na mengine mnayajua. Kwahiyo unaweza kufaulu mtihani wote halafu ukakuta darasa limejaa.

Sa nije kwa wanaoponda mkopo, maana wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Kuna wakati, msimu wa 2018-19 hivi, Chelsea walikuwa na wachezaji zaidi ya 40 nje kwa mkopo. Arobaini! Hizo ni timu karibu nne kamili na marefa wao. Huwezi kuniambia kuna mtu pale ofisini alikuwa anawaza maendeleo ya kila mmoja. Ile ilikuwa biashara, unanunua dogo bei ya chini, unamtembeza, akichanua unauza na kama katoka akademi yako basi karibu hela yote ni faida kwenye vitabu, asipochanua mshahara kuna mtu alikusaidia kuulipa. Piazon ndo mfano ambao watu hawauchoki: Málaga, Vitesse, Eintracht Frankfurt, Reading, Fulham, Chievo, Rio Ave, kote huko kwa mkopo, na mechi zake za kikosi cha kwanza cha Chelsea zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Aliondoka jumla Januari 2021 kwenda Braga, mwezi ule ule anatimiza miaka 27. Fikiria kila Julai unahama, lugha mpya, kocha mpya, nyumba mpya, na kule unakokwenda kila mtu anajua Mei unaondoka. Nani atajenga timu kukuzunguka wewe?

Hapo ndo FIFA wakaingilia. Kuanzia Julai 2022 mikopo ya kimataifa ikawekewa idadi, 8 kutoka na 8 kuingia kwa msimu, ikashuka 7, na toka Julai 2024 ni 6. Mkopo usizidi mwaka kwa mkataba mmoja, klabu mbili zisikopeshane zaidi ya watatu kwa wakati mmoja, na uliyekopeshwa huruhusiwi kumkopesha mwingine. Ila wenye miaka 21 kushuka chini waliokulia kwenye klabu hiyo hawahesabiwi, na hapo mi nawapa pongezi kidogo tu, kwa sababu dogo aliyenunuliwa na miaka 22 kutoka Brazil anahesabiwa ila wa akademi bado unaweza kuwamwaga kama njugu.

Alafu kuna upande ambao haujadiliwi kabisa, klabu inayopokea. West Brom 2012-13 walimchukua Lukaku wa Chelsea akiwa na miaka 19, akafunga mabao 17 ya ligi, wakamaliza nafasi ya 8, siku ya mwisho kapiga hat-trick kwenye ile 5-5 na Man United iliyokuwa mechi ya mwisho ya kocha wao Ferguson. Raha tupu. Msimu uliofuata Lukaku huyo kwa mkopo tena, Everton, West Brom wakamaliza wa 17, juu ya mstari wa kushuka daraja. Sisemi ni kwa sababu yake peke yake, ila mwaka mzima mipira yote ilimtafuta mtu ambaye si wako, na straika wako mwenyewe wa miaka 19, kama yupo, alikuwa anasugua benchi akiangalia mtoto wa jirani anavyonenepa. Ndo maana makocha wengi wa timu za kati siku hizi wanataka kipengele cha kununua, na hapa ndo narudi kwenye hoja yangu ya nani kamuomba, kipengele cha kununua sio cha wahasibu tu, kinampa kocha sababu ya kuvumilia makosa ya dogo mwezi wa Septemba maana huenda akawa wake mwakani.

Ila tusijidanganye pia na takwimu za mkopo. Kane wa Tottenham alipitishwa Leyton Orient akafunga 5, Millwall akafunga 9, Norwich akaumia mguu hakufunga hata moja la ligi, halafu Leicester 2013 akafunga 2 tu na kwenye mechi ya mtoano na Watford alianzia benchi pamoja na Jamie Vardy. Ungemuona siku ile ungesema hawa wawili mpira umewashinda. Miaka mitatu baadaye mmoja bingwa wa Uingereza na Leicester hiyo hiyo, mwingine mfungaji bora wa ligi. Kwahiyo mkopo mbovu sio hukumu ya kunyongwa. Renato Sanches alitoka Euro 2016 akiwa mchezaji bora kijana wa mashindano, akaenda Swansea kwa mkopo 2017 akaonekana kituko mpaka siku ile kapasia ubao wa matangazo, Swansea wakashuka, lakini 2021 alikuwa bingwa wa Ufaransa na Lille. Miezi tisa ni kidogo mno kumjua mtu.

Na bahati nayo ipo, tena kubwa. Mei 2019 fainali ya kupanda daraja pale Wembley, Aston Villa na Derby. Villa mbele yuko Tammy Abraham aliyefunga 25 msimu ule, Derby wako Mason Mount na Fikayo Tomori chini ya kocha Lampard. Wote watatu mali ya Chelsea. Villa wakapanda. Miaka mingine yote watatu hawa wangerudi Chelsea, wangepewa mechi ya maandalizi Agosti, wakapelekwa kwingine. Ila kiangazi kile Chelsea walikuwa wamefungiwa kusajili na FIFA, Hazard kaondoka kwenda Madrid, na kocha aliyeletwa ni Lampard huyo huyo aliyekuwa na wawili kati yao Derby. Septemba 14 wakaenda kwa Wolves wakashinda 5-2, Tomori moja, Abraham matatu, Mount moja. Mabao yote matano ya watoto wa mkopo! Abraham kajifunga na moja la Wolves juu yake, alikuwa na shughuli siku hiyo. Watu wakaandika makala kwamba mfumo wa mkopo wa Chelsea umelipa. Mimi naona adhabu ndo ililipa. Mlango ulifunguliwa na FIFA kwa bahati mbaya ya klabu.

Sasa je asipotolewa kabisa? Mi ni Arsenal, kwahiyo mtanisamehe, ila sisi tuna mifano ya kila aina nyumba moja. Saka hajawahi kukopeshwa, alipandishwa akawekwa hata beki wa kushoto, akakulia pale pale. Saliba tulimnunua 2019 akakaa Saint-Étienne, Nice, halafu Marseille ambako 2022 alitajwa mchezaji bora kijana wa ligi ya Ufaransa, tulivyokuwa tunalalamika mitandaoni eti kocha Arteta anamchukia, ee. Karudi akaingia kikosini moja kwa moja. Ødegaard ndo somo lenyewe, Real Madrid walimchukua na miaka 16, wakampeleka Heerenveen, Vitesse, Real Sociedad ambako alikuwa moto kweli, wakamrudisha akae nyuma ya Modric na Kroos, akagoma kuoza akaja kwetu Januari 2021 kwa mkopo, na mwaka uliofuata baada ya kununuliwa ni kapteni. Mikopo minne, uliomtoa ni ule ambao kocha mwenyewe alimpigia simu ya kumtaka. Foden kule City naye hakwenda popote, kocha Guardiola alikataa, lakini tuwe wakweli, ni wangapi waliokataliwa kutolewa na hawakuwa Foden? Hao hatuwajui majina ndo tatizo la mifano ya kubaki, walioshindwa hawaonekani.

Kwa wachezaji wetu wa huku mkopo umewahi kuwa ngazi ya kweli. Novatus Dismas alikuwa Zulte Waregem, timu ikashuka daraja Ubelgiji 2023, kiangazi hicho hicho Shakhtar Donetsk wakamchukua kwa mkopo na ghafla yuko Ligi ya Mabingwa. Hawakumnunua mwisho wa msimu, sawa, ila alitoka pale kwenda Göztepe akiwa mtu mwenye wasifu tofauti. Olunga wa Kenya alikwenda Girona kwa mkopo 2017 kutoka China, Januari 2018 kawapiga Las Palmas hat-trick, ya kwanza kwa Girona kwenye La Liga. Dakika zenyewe alizopata hazikuwa nyingi kihivyo, ila siku moja ilitosha.

Ligi yetu ya ndani sasa, hapo ndo nakuwa mkali. Kwetu mkopo mara nyingi ni lugha ya heshima ya kumwambia mchezaji hatukuhitaji ila hatutaki akatufunge. Timu kubwa zinakusanya vijana dirisha kubwa, dirisha dogo zinawapunguza kwenda kwa timu zinazopigania kutoshuka daraja, na kocha anayepigania kutoshuka hana muda wa kumfundisha dogo kukaba nafasi, anataka mzee wa miaka 34 anayejua kupoteza muda. Kuliko hivyo heri njia ya Mzize pale Yanga, katoka timu ya vijana akakaa nyuma ya straika Mayele, anaingia dakika kumi, ishirini, anamuangalia mwenzie anavyojiweka kwenye boksi, mpaka zamu yake ikafika.

Kuna dogo wa mtaani kwetu, winga, mguu wa kushoto hatari. Alisajiliwa na timu kubwa (sitaitaja), hakucheza, akatolewa kwa mkopo mkoani. Kule wakasema mshahara wako analipa aliyekuleta, aliyemleta akasema tumekubaliana nusu kwa nusu, miezi mitatu akawa anakula kwa kaka yake. Kocha wa kule siku ya kwanza alimuuliza wewe unacheza namba ngapi. Yaani hakuwa anamjua! Akacheza mechi mbili, zote akitokea benchi.

Dirisha dogo lililopita wakampigia tena wakamwambia kuna timu nyingine inamtaka kwa mkopo. Safari hii akauliza, anayenitaka ni kocha au ni katibu? Simu ikakatwa. Wiki ya pili sasa yuko hapa mtaani anacheza ndondo, na jana kapiga krosi mbili ambazo hata kipa alipiga makofi.