Popo wa darini: ahame, ila si masika

Mwanza popo tunamjua kwa kumsikia juu ya dari akikwaruza. Baadaye doa la kahawia linajitokeza kwenye jipsamu, na harufu ya mkojo wake inashinda hata dagaa wa soko la Mwaloni.

Huyu wa kwenye bati ni mdogo, anaenea kiganjani, mkia umechomoza nje ya ngozi ya mabawa. Makao yake ya asili ni nyufa za miamba na mashimo ya miti. Sisi miamba tunaivunja kokoto, kisha tunaezeka bati na kuacha upenyo pembeni mwa fisha bodi. Kwake ni ufa tu. Hata joto la bati la mchana, linalopita nyuzi 40, analivumilia.

Wanaotaka auawe wana hoja. Machi 2023 homa ya kirusi cha Marburg ilizuka Kagera, ng'ambo ya ziwa, ikaua watu 6; Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo. Nani atamlaumu mama ambaye wanawe wanalala chini ya dari hiyo? Ila kirusi hicho anacho popo mwingine, mla matunda, anayelala kwa maelfu mapangoni na migodini. Ndiye aliyekuwemo katika mgodi wa Kitaka, Uganda, walikougua wachimbaji mwaka 2007. Kwenye kenchi za nyumba si kwake.

Watetezi wa popo huishia hapo, nami naona wanawahi mno. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba popo wa darini huko Sierra Leone wamekutwa na kirusi cha Bombali, ndugu wa Ebola. Baadaye kikaonekana Kenya. Hajulikani mtu aliyeugua kwacho, lakini popo hashikwi kwa mkono mtupu. Na mavi yake makavu huweza kuota kuvu wanaoumiza mapafu, kwa hiyo anayepanda kufagia dari avae barakoa.

Hata ile sifa ya kumaliza mbu imetiwa chumvi. Anachokula zaidi ni nondo, mbawakawa na kunguni wa mimea. Kwa mkulima wa Kwimba au Magu hiyo si haba: funza anayetoboa pamba ni mtoto wa nondo.

Kupulizia sumu ndiko kubaya kuliko yote. Popo wengine wanaozea darini, wengine wanaanguka uani wakiwa hai na watoto wanawaokota, yaani hatari tuliyoikimbia tunaileta mlangoni. Njia ipo: wavu unaning'inizwa kwenye upenyo, popo wanatoka jioni wasiweze kurudi, na baada ya siku kadhaa fundi anaziba. Lakini si wakati wa mvua, maana ndipo wengi huzaa, mtoto mmoja mmoja, na asiyeweza kuruka atabaki ndani afe.

Tatizo ni nani atamlipa fundi. Mpangaji wa Mabatini haruhusiwi kugusa paa, na mwenye nyumba anaishi Dar. Chupa ya dawa ya wadudu iko dukani, hatua chache tu.