Kufungulia Subaru ya turbo hewa zaidi: pawa ipo, ila si pale wengi wanaitafuta

Kaa kwa gereji yoyote ya Nairobi inayoshika Subaru, Impreza ama Forester zenye EJ20, injini ya lita 2, ya turbo (ile pampu inazungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani), haichukui muda kabla mtu aulize bei ya filta ya koni, ile ya wazi inakaa bila boksi. Mafundi wamegawanyika kabisa, kuna wanaosema toa boksi ya kampuni gari ipumue, na kuna wanaosema ukigusa hiyo boksi jiandae kununua injini. Mimi naona wote wameshika ukweli fulani, lakini wale wa kwanza wanauza pawa mahali haipo.

Hoja ya wale wa kufungua si ya kudharau, hasa hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na presha ya hewa ni kama kilopaskali 82, wakati Mombasa ni 101. Tuseme turbo inatakiwa kujaza injini hadi kilopaskali 180: Mombasa inazidisha hewa mara 1.78 hivi, Nairobi mara 2.2. Sasa filta chafu ama bomba jembamba likila kilopaskali 4 kabla hewa ifike kwa turbo, Nairobi inabidi izidishe mara 2.3, na turbo ikifanya kazi zaidi inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi na busti, yaani ile presha turbo inaongeza, inachelewa kupanda. Kwa hivyo mtu wa huku juu akilalamika kwamba gari imekabwa, msikilizeni, kizuizi kilicho mbele ya turbo kinamuumiza kuliko mtu wa Pwani.

Shida inaanza watu wakidhani hewa ikipita rahisi basi pawa imepanda yenyewe. Kwa gari ambayo haijaguswa busti imepangwa na kompyuta, ikifika kiwango chake westigeti, kile kimlango cha moshi, inafunguka na moshi unapita kando bila kuzungusha turbo. Kwa hivyo ukitoa kizuizi, unachopata sana sana ni turbo kuamka mapema kidogo na kufanya kazi yake bila kujikaza, hiyo ni faida ya kweli lakini si zile farasi 30 unaahidiwa dukani. Sauti nayo inadanganya sana, koni ikilia vile unahisi gari imekuwa ingine.

Halafu kuna joto. Koni ya wazi ikikaa ndani ya boneti bila ngao inavuta hewa iliyopashwa na injini yenyewe, na kila nyuzi 10 za joto zinaondoa kama asilimia 3 ya uzito wa hewa. Boksi ya kampuni inavuta hewa ya nje huko mbele, kwa hivyo unaweza kulipa pesa nzuri ukarudi nyuma. Na wale wanaopeleka filta chini kwa bampa kutafuta hewa baridi wakumbuke mvua kama zile za Aprili 2024, maji yakivutwa ndani ya silinda hayagandamiziki, koni-rodi, kile chuma kinashika pistoni, ndiyo inapinda.

Lakini kinachoniogopesha mimi hasa ni sensa ya MAF, ile inaambia kompyuta hewa ngapi inaingia. Ule waya wa moto unapima hewa kulingana na upana wa bomba lake. Ukitoa bomba la milimita 70 ukaweka la 76, eneo limeongezeka karibu asilimia 18, hewa inapita kwa waya polepole, kompyuta inadhani hewa ni kidogo na inapunguza petroli. Ukiendesha taratibu sensa ya oksijeni inarekebisha, ila ukikanyaga mpaka mwisho kwa hizi gari za zamani hakuna wa kurekebisha, mchanganyiko unakauka, yaani petroli inakuwa kidogo kwa hewa iliyopo, injini inagonga kwa kulipuka vibaya, pistoni zinavunjika pale kwa ringi. Na hizi injini za Japani zilipangiwa petroli yao ya oktani hadi 100, jamani, kosa dogo tu huku linatosha.

Kwa hivyo ningeanza na vitu havina sifa. Hosi ya raba inayoingia turbo, ile imejificha chini ya manifodi, baada ya miaka 20 inapasuka ama inalegea na kujikunja ikivutwa. Ikivuja, hewa inaingia bila kupimwa. Zile za kutoka turbo kwenda interkula, kile kipoza hewa ya turbo, zikivuja hewa iliyopimwa inatoka nje na gari inatoa moshi mweusi. Fundi akiingiza moshi kwa mfumo mzima utaona pa kushika. Hata interkula ya juu, wengi wanadhani lile tundu la boneti linalisha injini hewa moja kwa moja, kumbe linapoza hiyo interkula tu, na ukikwama kwa jam inajaa joto la injini, na kuihamisha mbele kunasaidia lakini mabomba yanarefuka na busti inachelewa kidogo.

Kama bado unataka koni, unganisha geji ya presha kati ya filta na turbo, kanyaga mpaka rpm ya juu uone inakula ngapi. Ikila kilopaskali 1 ama 2, weka filta mpya ya karatasi, ambayo kwa vumbi la murram inalinda mapanga ya turbo vizuri kuliko zile za pamba na mafuta, na mafuta yenyewe yakizidi yanachafua waya wa MAF. Ikila 5 na kwenda juu na filta ni safi, mara nyingi kwa gari imewekewa turbo kubwa na pampu kubwa ya petroli, hapo boksi ya kampuni ni ndogo kweli, badilisha, lakini lipa tyuni, yaani kompyuta ipangwe upya, siku hiyo hiyo kabla gari itoke gereji.