Masika, masista na jezi: timu za wasichana Mwanza zinacheza kwa ajili ya nani?

Mvua za Machi zinapoanza kupiga mawe ya Mwanza, walimu wa michezo katika sekondari za wasichana huingia kwenye msimu wa kuomba ruhusa. Ruhusa ya kuwatoa wachezaji kwenye prepu ya jioni, ruhusa ya basi, ruhusa ya kwenda kucheza netiboli na shule ya jirani. Fainali za taifa za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa kawaida huchezwa Juni, kwa hiyo mchujo wa kutoka shule hadi wilaya, na wilaya hadi mkoa, huangukia katikati ya masika. Katika shule zinazoendeshwa na masista jibu la kwanza mara nyingi ni "tutaangalia", na aliyewahi kufundisha huko anajua maana yake.

Ni rahisi kumcheka sista mkuu anayelinda prepu. Tuanze kwa kumsikiliza, kwa sababu hoja zake ni nzito kuliko tunavyozipa nafasi. Mzazi aliyeuza ng'ombe Kwimba au dagaa Ukerewe ili alipe ada hakumpeleka binti yake kwa masista ili arudi na kikombe. Alifuata divisheni wani. Kidato cha sita hukalia mtihani wa taifa Mei, cha nne wana moko, mtihani wa majaribio, katikati ya mwaka na mtihani wenyewe Novemba. Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini wazazi hawakuacha kuzipanga. Sasa wanazipanga wenyewe kwenye makundi ya WhatsApp, tena bila huruma. St. Francis ya Mbeya, shule ya wasichana ya Kikatoliki, imeshika namba moja kitaifa kidato cha nne zaidi ya mara moja, na hicho ndicho kipimo ambacho kila shule ya masista inapimwa nacho, ipende isipende. Hakuna mzazi anayemhamisha mtoto kwa sababu timu ya wavu imefungwa seti tatu. Kwa sababu ya fizikia, wapo.

Na Serikali yenyewe imeyumba katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Joseph Mungai, akiwa waziri wa elimu, alifuta mashindano ya michezo shuleni ili wanafunzi wasome. Yakaja kurudi wakati wa Awamu ya Nne, ya Rais Kikwete. Mwaka 2016 UMISSETA na UMITASHUMTA, ile ya shule za msingi, zikasitishwa tena, safari hii ili nguvu ielekezwe kwenye madawati. Mwaka uliofuata mashindano yakarejea na kufanyika hapahapa Mwanza. Mkuu wa shule aliyeyaona yote hayo ana sababu ya kutouweka moyo wake wote kwenye timu.

Kuna pia hofu ya safari, ambayo wanaume tunaoandika kuhusu michezo huipitia juu juu. Kambi ya mkoa ni wiki kadhaa za mabweni ya kuazima, wavulana na wasichana eneo moja, na matroni ambaye sista hakumchagua. Halafu kuna ziwa. Mji huu uliwazika Igoma watu wa meli ya MV Bukoba waliozama Mei 1996, na Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Ukimwambia mzazi kwamba timu itavuka kwenda Ukerewe kwa mechi ya kirafiki, usitarajie akujibu kwa takwimu. Upande wa Sengerema mambo yamebadilika: tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 na ushee, na shule za ng'ambo zinafikika bila kusubiri kivuko. Mechi ya asubuhi Sengerema na kurudi kabla ya chakula cha jioni sasa ni ratiba ya kawaida kabisa.

Lakini kinachowakatisha tamaa masista, kwa maoni yangu, kimejificha kwenye muundo wa UMISSETA yenyewe. Shule haiendi kule kama shule. Wachezaji bora wanachaguliwa kuunda timu ya wilaya, kisha ya mkoa, na kwenye fainali binti anavaa jezi iliyoandikwa Mwanza. Shule iliyomlisha, iliyomfundisha kudaka na iliyokubali akose vipindi vya kemia inabaki na viti vitatu vitupu darasani na cheti kisichotaja jina lake. Mashindano ya namna hiyo yanafaa kutafuta vipaji vya taifa. Kwa kujenga utamaduni wa michezo ndani ya shule ni dhaifu, kwa sababu yanahitaji wachezaji wawili watatu tu na kuwaacha mamia wakitazama, au wakifua sare.

Linganisha na sekondari za wasichana za Kikatoliki Marekani. Mwaka wao wa michezo umegawanywa katika misimu mitatu, na wa machipuko unaanguka karibu miezi ileile ya masika yetu, Machi hadi mwishoni mwa Mei. Hapo kuna softiboli, lakrosi, tenisi, riadha. Msimu una siku ya kuanza na siku ya kwisha. Shule inacheza kwa jina lake na mara nyingi ina timu ya kwanza, timu ya pili, na pengine ya wanafunzi wapya, hivyo binti wa kawaida asiye na kipaji cha kutisha naye ana jezi. Kukua kwa michezo ya wasichana huko kunahusishwa na sheria ya 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Kabla yake wasichana waliocheza kwenye timu za sekondari walikuwa chini ya 300,000 nchi nzima. Leo wamepita milioni 3. Shule binafsi isiyopokea fedha hizo haibanwi na sheria hiyo, na bado masista hawakusubiri kubanwa. Immaculata, chuo kidogo cha masista Pennsylvania, kilitwaa ubingwa wa kwanza wa taifa wa kikapu cha wanawake mwaka 1972, kikaurudia 1973 na 1974, huku masista wakishangilia jukwaani kwa kugonga ndoo.

Mtu atasema Wamarekani wana fedha, na kweli wanazo. Lakini kuna kitu sisi tunacho ambacho shule zao nyingi za kutwa hazina: bweni. Saa kumi jioni wasichana wote wako palepale, hakuna anayewahi daladala ya Buhongwa. Uwanja nao si tatizo kubwa kama tunavyodai. Kiwanja kizima cha soka kwenye kilima cha mawe ni mradi wa kuvunja mwamba, lakini netiboli inahitaji mita 30.5 kwa 15.25 na mpira wa wavu mita 18 kwa 9. Ukimwaga zege mara moja, mvua ikikatika unafagia maji na mechi inaendelea. Ubishi wa bukta na sketi, netiboli iliumaliza zamani.

Na Kanisa? Hapa nadhani kuna salio la fikra za zamani ambalo halisemwi. Mwaka 1928 Papa Pius XI alilalamika waziwazi kuhusu mashindano ya wasichana ya mazoezi ya viungo na riadha yaliyofanyika Roma, akiona yanakiuka staha. Mwaka 2018 Vatican ilitoa waraka mzima juu ya michezo ukiihesabu kuwa sehemu ya malezi ya mtu kamili. Umbali kati ya nyaraka hizo mbili ni mkubwa, lakini hauonekani ukilinganisha seminari ndogo na shule ya masista. Kwa mseminari michezo ya alasiri ni ratiba, sawa na sala na kazi za mikono, na seminari zetu hazijawahi kuhesabiwa kuwa dhaifu kwenye matokeo. Kama mpira haumharibii masomo kijana anayeandaliwa kuwa padre, anayeamini kwamba unamharibia dada yake ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha.

Hoja moja ya upande wa michezo siinunui: ile ya ajira na umaarufu. Ni kweli Serengeti Girls, timu yetu ya taifa, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, wakiifunga Ufaransa njiani. Ni kweli Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden, kisha Brighton. Majina hayo yanapotajwa kwenye kikao cha wazazi, sista anashinda mjadala kirahisi, kwa kuwa anajua hesabu: kati ya wasichana mia nne wa shule yake pengine hakuna hata mmoja atakayefika huko. Hoja inayosimama ni ya hao mia nne, kwamba kila mmoja ajue kupokea amri ya kapteni, kukosea mbele za watu na kurudi uwanjani wiki inayofuata.

Ndiyo maana naona shule za masista za ukanda huu zingefanya vizuri zaidi kuanzisha msimu wao wenyewe kuliko kuendelea kubishana kuhusu UMISSETA. Uanze Februari, uishe mwishoni mwa Aprili, kabla ya kidato cha sita kuingia kwenye mtihani; wao wacheze hadi Machi kisha waachwe kabisa, na hapo sista asibembelezwe. Mechi ziwe Jumamosi, maana ndani ya Kwaresima alasiri ya Ijumaa ni ya Njia ya Msalaba. Kila shule ilete timu mbili, ya pili ikiwa na pointi sawa na ya kwanza. Wateuzi wa wilaya wakija baadaye watakuta wachezaji wamekwisha cheza mechi za kweli.

Mpango huo unaweza kukwama mahali pamoja, napo si kwenye mvua wala kwenye maadili. Mwalimu wa michezo katika nyingi ya shule hizi ni mwalimu wa Kiswahili au jiografia mwenye vipindi kamili, aliyekabidhiwa filimbi kwa sababu ni kijana. Miezi mitatu ya timu mbili ataimudu kwa mwaka mmoja, labda miwili. Akipunguziwa vipindi sita kwa wiki, mwenzake atavibeba, na huyo atataka kulipwa. Mchango wa michezo uliopo kwenye fomu za kujiunga uanze kulipa hapo, kabla ya jezi.