Kiingilio cha Bahari

Alhamisi alfajiri nilimtumia mama video fupi kutoka ufukweni Sur, Oman. Jua lilikuwa linachomoza baharini, ng'ambo ya hori unauona mnara wa taa wa Al Ayjah, na watoto wa watu walikuwa wameshaingia majini. Mama alinijibu kwa ujumbe wa sauti, hata salamu hakutanguliza: "Pazuri mwanangu. Kiingilio shilingi ngapi?"

Mama yangu amezaliwa Kunduchi, Dar es Salaam. Baba yake alivua kwa ngalawa, na bibi yangu, maji yakipwa, alishuka miambani na kijiti chake kutafuta pweza. Mtu aliyelelewa na bahari namna hiyo, leo akionyeshwa maji ya chumvi swali lake la kwanza ni bei. Swali lile lilinikaa kooni likizo nzima, na ndilo lililonikalisha niandike.

Huu ni mwaka wangu wa tatu nafundisha Kiingereza Ibra. Mwezi wa 11 tulipewa Jumatano na Alhamisi kwa Sikukuu ya Taifa, zikaungana na Ijumaa na Jumamosi ambazo huku ndizo mwisho wa wiki. Siku nne. Mimi, mwalimu mwenzangu wa Tanga, mumewe na wanawe wawili tukajibana kwenye gari moja na masufuria yetu. Tukaipita Bidiyah, mchanga mwekundu wa jangwa ukatusindikiza upande wa kulia kwa muda mrefu, kisha Al Kamil, kisha harufu ya chumvi ikaingia dirishani. Mwenzangu akanyamaza. Watu wa pwani tukikaa bara miezi mingi tunaijua hali hiyo, hatuihitaji kuisema.

Jioni ya kwanza niliuangalia ufukwe ule kama mtu anayekagua madaftari. Familia za Kiomani zimetandika mikeka, mabirika ya kahawa katikati. Vijana wa Kibangladeshi na Kipakistani, wale wanaojenga barabara na kufagia maduka, wanacheza kriketi kwenye mchanga mgumu. Kando ya barabara mtu anachoma mishikaki, na huku nayo wanaiita mishkak, jina letu lilelile limepunguzwa silabi. Na sisi. Hakuna aliyetuuliza tumefikia hoteli gani. Hakuna aliyetufungua vyungu kutazama kama tumekuja na chakula cha kutoka nje.

Mwenzangu alipomgombeza mwanawe, "Toka majini, utakohoa wewe!", bibi mmoja kwenye mkeka wa jirani akageuka mzima mzima. "Nyinyi watu wa wapi?" Tukamwamkia. Akasema yeye mzaliwa wa Malindi, Unguja, aliondoka akiwa msichana. Alitukatia haluwa, akatumiminia kahawa, kisha akaniuliza kama watoto bado wanaruka majini pale Forodhani. Nikamwambia wanaruka, kila jioni, wanapiga na sarakasi hewani, watu wanajaa kuwatazama. Akanishika mkono asiuachie. Alisema wao walikuwa wakitoka chuoni, juzuu wanaziacha kwa mwenzao mmoja, wengine wote majini.

Sasa niwaambie kwa nini mama aliuliza bei.

Desemba ya mwaka juzi nilikuwa nyumbani. Mama aliamka saa kumi usiku akapika pilau, tukawapakia wajukuu, tukaelekea ufukwe aliokulia jirani nao. Kile kichochoro alichopita utotoni kimebanwa na kuta mbili ndefu, na mwisho wake kuna geti. Mlinzi, kijana mdogo tu, akatuambia hapa ni kwa wageni, wengine mnalipa kwa kichwa, watoto pia, na chakula hakiingii. Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa." Kijana akainamisha macho. Simlaumu, ametumwa na ana watoto wa kulisha. Tulikula pilau ndani ya gari, vioo tumeshusha, mawimbi tunayasikia nyuma ya ukuta. Mjukuu mdogo aliuliza bahari imeenda wapi, na mama akamwambia imelala.

Hiyo ndiyo hoja yangu, nami siibanduki. Tunajidanganya kwamba fukwe zetu ni za umma kwa sababu mchanga wenyewe haujauzwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni, na ni sheria njema. Lakini meta 60 zinamsaidia nini mtu asiye na pa kupita? Ukizungusha kuta upande wote wa barabara, ule ukanda unabaki wa umma kwenye karatasi, na mwenye kuufaidi ni aliye ndani ya ukuta. Wanachotunyang'anya ni njia. Na njia zinakwenda kimyakimya, kiwanja kimoja kimoja: huyu anasogeza uzio hatua tatu, yule anaweka geti "kwa usalama", mwaka wa tatu kichochoro kimesahaulika na aliyekijua amezeeka. Hakuna siku hata moja ambayo mji uliamka ukaambiwa bahari imefungwa. Tungeandamana.

Matokeo yake mnayaona Coco Beach siku ya Idi au Krismasi. Mji mzima umeelekezwa pale, mihogo na mishikaki, bega kwa bega, vipaza sauti vinaita majina ya watoto waliopotea. Mimi naipenda Coco, nimekulia pale Jumapili zangu. Lakini msongamano ule si mapenzi peke yake. Watu hawana pengine pa bure pa kwenda.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Oman wana nafasi. Nchi nzima ina watu milioni 5 na ushee, na Dar es Salaam pekee sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Huku pia hoteli kubwa zina fukwe zao. Wala siisifu bahari hii bila kuijua: majahazi ya Sur yaliyoshuka kwetu na kaskazi na kurudi na kusi hayakubeba boriti na karafuu tu, yalibeba na watu waliouzwa utumwani, na nilipoliona jahazi la Fatah al-Khair limewekwa nchi kavu pale ufukweni, nilisimama nikawaombea. Lakini uchache wa nafasi hauwi sababu ya kufunga njia. Mji wenye watu wengi hivyo na bahari ileile ndio unaopaswa kuilinda kila hatua yake.

Tena sipingi kulipa. Ijumaa usiku tulikwenda Ras al-Jinz kuwaona kasa wakitaga. Pale kuna tiketi, kuna muongozaji, taa na kamera marufuku, na nililipa kwa moyo mweupe, maana pesa ile inamlinda kasa. Mtoto wa mwenzangu alimwona mama kasa akifukia mayai yake kwa mabawa, taratibu, anapumzika, anaendelea. Akaninong'oneza, "Teacher, amechoka." Tukakaa kimya mpaka aliporudi majini.

Jumamosi tukifunga mizigo nilimpigia kaka. Nilitaka anihakikishie kitu kimoja: kile kichochoro cha pili, cha upande wa mkwaju, bado kiko wazi? Nataka Julai nimpeleke mama kwa miguu yake. Akasema kina geti tangu Ramadhani, ufunguo anao mlinzi. Nikamuuliza kama kuna mtu amekwenda serikali ya mtaa. Hakuna. Nimemtumia majina ya wazee watano wa pale wanaoijua njia ile tangu wakiwa watoto, mama akiwa wa kwanza, na ameniambia barua anaipeleka Jumatatu.