M3 ya mwaka 2010: ya kwenda nayo kazini Coventry, si ya kupeleka Dar es Salaam

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikiifikiria BMW M3 ya milango minne, toleo la E90 la mwaka 2010, ambayo hapa Uingereza imeshuka bei kiasi kwamba mfanyakazi wa kawaida akijibana anaweza kuinunua. Injini yake ni V8, yaani ya silinda nane, ya lita 4, ina nguvu za farasi 420, na huzunguka hadi mara 8,300 kwa dakika. Ninaitaka kwa moyo wote. Ninalojiuliza ni kama inafaa kuwa gari la kwenda kazini kila siku.

Nyumbani Tanzania gharama kubwa ya gari hulipwa mwanzoni, bandarini. Gari lenye injini ya zaidi ya cc 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa kiwango cha juu, likiwa kuukuu huongezewa ushuru wa uchakavu, kisha juu ya vyote hivyo huwekwa VAT. Ukishalitoa, unapumua: ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, na fundi hulipwa kwa makubaliano. Huku mambo ni kinyume. Gari ni rahisi siku ya kulinunua, lakini M3 hii iko kundi la juu kabisa la kodi kwa sababu ya moshi wake, yaani zaidi ya pauni 700 kila mwaka, na saa moja ya fundi wa gereji ni fedha ambayo Ilala ingelipia kazi ya siku nzima.

Hapo ndipo penye uzito, kwa sababu beringi za konrodi za injini hii (zinazoshika mikono ya pistoni kwenye kranki) zinajulikana kuchakaa kabla ya wakati, na zikiachwa huweza kuua injini nzima. Spea zenyewe si ghali sana. Kinachoumiza ni saa za kazi za kulifungua gari kwa chini hadi kuzifikia. Zaidi ya hayo, oili yake nzito ya 10W-60 huchelewa kupata joto, na safari yangu ya kazini ni kilomita 9 tu, kwa hiyo nikiwa na papara ya kukanyaga mafuta asubuhi nitakuwa ninaila injini mwenyewe.

Hata hivyo, huku kuna kitu ambacho natamani sana kingekuwapo kwetu. Kila gari likifikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na matokeo pamoja na umbali ambao limetembea huwekwa wazi kwenye tovuti ya serikali, bure, kwa yeyote mwenye namba ya gari. Gari langu la kwanza Dar es Salaam lilikuwa na mita iliyorudishwa nyuma, na nililigundua hilo baada ya kuwa nimeshalipa. Sitaki mtu mwingine apitie uchungu ule.

Shemeji yangu ananisihi niinunue, niitumie miaka miwili, kisha niitume nyumbani. Nimemkatalia. Kwa matuta yetu na maeneo yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa kati ya Dar es Salaam na Chalinze, nguvu zile zote zingekaa bure, na injini ikigonga angemtafuta nani? Anayetaka gari la milango minne lenye mbio kule achukue Toyota Mark X au Crown Athlete, ambazo mafundi wetu wanazifahamu ndani na nje, na spea zake zimejaa Kariakoo.

Kwa hapa, msimamo wangu ni kwamba nitainunua iwapo tu muuzaji ana risiti ya kubadilishiwa beringi, nami nikabaki na akiba ya matengenezo ya mwaka mzima. Jumamosi ninakwenda kuiona moja. Nimemwomba mwenyewe asiiwashe kabla sijafika, kwa sababu ninataka kuisikiliza ikiwaka ikiwa baridi.