Kitumbua cha Kwanza na Seva ya Asubuhi

Saa mbili asubuhi, duka la vipuri, Ngamiani, Tanga. Fundi ameegemea kaunta anataka bei ya beringi. Muuzaji kaandika jina, kabonyeza, kiduara kinazunguka. Kinazunguka weee, karibu dakika nzima, ndipo bei inatokea. Mteja wa pili hasubiri hivyo, na ikifika saa nne mambo ni shwari mpaka jioni.

Tajiri wa duka aliniita nimchagulie seva mpya, yaani mashine inayotunza bei zote. Nikakataa. Mashine haina ubovu. Yeye mwenyewe huizima kila jioni kubana umeme wa LUKU, na ikizimwa, kila kilichokuwemo kwenye RAM, kumbukumbu yake ya haraka, kinafutika. Asubuhi PostgreSQL, programu ya kanzidata inayotunza data za duka, inaanza upya kuokota kurasa zake, vipande vya data vya kilobaiti 8, kutoka kwenye diski ya kuzunguka, ambayo huchukua kama milisekunde 10 kufika sehemu moja. Swali linalohitaji kurasa 4,000 zilizotawanyika linakula sekunde 40, na ukizijumlisha kurasa zote hizo hazifiki megabaiti 35. Mzigo ni mdogo, safari ndizo nyingi.

Mama wa vitumbua pale nje alinielewa kabla ya tajiri. Chuma kisiposhika moto, kitumbua cha kwanza kinaganda, na hicho hampi mteja.

Kupasha kanzidata kunawezekana tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014, kwa kiendelezi kinachoitwa pg_prewarm: unakitajia jedwali au faharasa (orodha ya kutafutia haraka), kinaipakia kwenye kumbukumbu kabla mtu hajauliza. Mimi nikajitia ujuaji, nikapasha jedwali zima la mauzo ya miaka yote. Kumbe ni kubwa kuliko RAM ya mashine ile! Mauzo ya zamani yakajaa tele, bei za leo zikakosa nafasi. Asubuhi ikawa ile ile, nami nimesimama nyuma ya kaunta najifanya nakagua nyaya.

Sasa natumia autoprewarm, sehemu ya pg_prewarm iliyokuja na toleo la 11 mwaka 2018. Unaitaja pg_prewarm kwenye shared_preload_libraries, mpangilio wa vitu vya kupakiwa seva inapowaka, unawasha seva upya, basi. Kila sekunde 300 inaandika kwenye diski orodha ya kurasa zilizomo kwenye kumbukumbu, na seva ikiwaka inazirudisha. Haibahatishi, inakumbuka jana watu waliulizia nini. Umeme ukikatika ghafla, orodha iliyobaki ni ya dakika chache tu nyuma.

Ila wenzangu wanaopasha kila kitu nawapinga. Swali likiwa zito saa mbili, saa sita na saa kumi, hiyo si baridi. Tafuta faharasa iliyokosekana.

Dukani, kijana anayefagia ndiye anayewasha seva saa moja na nusu, kabla mlango haujafunguliwa. Kuizima jioni tajiri hajaacha. Nimemshauri aiache iwake usiku kucha. “LUKU ukinunua wewe,” ananijibu, “iwake hata mwaka.”